Rangi Kabla ya Mkataba

Jamani, msipake rangi ofisi ambayo hamjaisainia mkataba.

Miezi miwili nazunguka mtaa wa Jeppestown, huku ugenini, natafuta chumba cha ofisi, nitume mizigo ya watu kwenda Tanga. Juzi papa mmoja, yaani mzee wa Kikongo, msimamizi wa jengo, akanionyesha kimoja. Kichafu, ila kina dirisha la barabarani.

"Mkataba tutasaini Ijumaa. Chukua ufunguo, anza kusafisha."

Kwa vile tunaongea Kiswahili, nikamwona ndugu.

Nikasugua grisi sakafuni mpaka magoti yakauma. Leo nimeamkia kupaka rangi nyeupe, kuta zote nne.

Mchana mlango ukafunguliwa. Papa kaja na bwana mmoja, koti la suti jeusi.

"Ona, chumba ni safi kabisa," anamwambia.

Nikauliza, papa, si tulikubaliana?

"Mama, haukusaini bado. Huyu anachukua mwaka mzima."

Eish. Nimesimama na brashi mkononi, kilemba kimetapakaa rangi, sina mkataba wa kumwonyesha mtu.

Bwana yule akafurahi. Akaegemea ukuta kwa raha zake, akasaini.

Sasa niambieni nyie. Ilikuwa kazi yangu kumwambia rangi haijakauka?