Mate ya Baba Lazima Yaonekane

Wiki jana nilikuwa kwenye duka moja la video pale Makutano, Meru, ambako ushauri wangu hutolewa bure, hata usipoombwa. Mama mmoja alikuja kuchukua kaseti ya harusi yake, ikiwa imeshahaririwa. Marehemu babake yumo akimbariki, na mama hana video nyingine ya mzee huyo.

Fundi akaicheza. Mama akainama hadi pua ikakaribia kioo cha televisheni.

"Mate yako wapi?"

"Mate gani, mama?"

"Baba alinitemea mate kifuani, ndiyo baraka yenyewe! Hapa naona mzee anapuliza chai."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Fundi akajitetea: alipokuwa akinakili, aliizungusha kaseti kwa mwendo wa polepole ili harusi yote ienee kwenye kaseti moja.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini mdomo sikuuacha huko. "Bosi, mwendo huo unaleta ukungu. Weka ule wa kawaida, hata kama zitaenda kaseti mbili, na unakili kutoka ile kaseti asili, si hii kopi."

"Sikia kijana," mama akamwambia fundi, akakalia kreti ya soda. "Mimi sirudi nyumbani Kianjai bila mate."

Fundi akanakili upya kwa mwendo wa kawaida, kisha akaicheza. Mzee akatokea tena, akavuta pumzi, na matone yakaruka yaking'aa. Mama akashika kifua, akapiga vigelegele mpaka wauza ndizi wakaja kuchungulia.

Nyinyi mnaobana sherehe tatu kwenye kaseti moja, endeleeni tu. Wajukuu wenu watabarikiwa na ukungu.