Nafasi Pembeni mwa Rafiki

Mwaka ule nilikuwa nimechoka hadi kwenye kope. Asubuhi niliwatafsiria wafanyabiashara wa kwetu kwenye maduka ya jumla ya Zhanxi, huku Guangzhou, China; mchana nilirudi chuoni kuandika tasnifu juu ya hadithi za kale za Wayunani, zile za wanaume waliopendana. Msimamizi wangu alikuwa ameirudisha sura moja mara tatu.

"Umesimulia msiba," aliniambia. "Hujasema una maana gani kwa roho."

Mteja wangu wa siku nyingi alikuwa mzee wa Unguja, muuza viatu, mtu wa maneno machache. Siku moja tukinywa chai aliniuliza hasa nasoma nini. Niliona haya, lakini nikamweleza. Shujaa mmoja aliuliwa rafiki yake vitani. Akagoma kula, akakataa hata kuizika maiti. Rafiki akamjia ndotoni. Shujaa akanyoosha mikono amkumbatie, akaambulia moshi. Akausia kwamba akifa, mifupa yao iwekwe katika chombo kimoja.

Nilidhani ataniomba nibadilishe mazungumzo. Akaweka kikombe chini.

"Walikuwa wapenzi?"

"Wapo wanaosema hivyo, mzee. Wengine wanasema ilikuwa roho moja iliyogawiwa watu wawili."

Akalipia chai. "Kesho usiende chuo. Kuna pahala nataka ukanitafsirie."

Alinipeleka kwenye makaburi ya Waislamu. Njiani akanisimulia: mwenzake wa biashara, aliyesafiri naye miaka ishirini, chumba kimoja, sahani moja, alianguka dukani hapa hapa Guangzhou akafa. Mzee mwenyewe ndiye aliyeiosha maiti.

"Mke wangu anajua nilivyolia," alisema. "Hajaniuliza, nami sijamwambia."

Mtunza makaburi alikuwa Mchina wa makamo mwenye kofia nyeupe. Mzee akanionyesha uwazi kando ya kaburi la rafiki yake. "Muulize, nikifa hapa, naweza kuwekwa pale?"

Nikauliza. Yule bwana akatikisa kichwa. Nafasi haishikwi, anayetangulia kufa ndiye anayetangulia kuipata.

Kulainisha maneno ya wenye maduka ndiyo kazi yangu. Pale nilishindwa. Nikamweleza mzee kama nilivyoambiwa.

Mzee alichutama, akaanza kung'oa majani kaburini, moja moja. Nikachutama upande wa pili, mgongo ukiniuma, nikamsaidia mpaka tukamaliza.

Wiki ile niliiandika upya sura yangu. Nilifuta kurasa nyingi za nadharia, nikasema kile chombo kimoja ni dua ya mtu anayeogopa kutenganishwa. Msimamizi akaipitisha bila neno.

Msimu uliofuata mzee hakuja. Alinipigia simu kutoka nyumbani: magoti yamekataa safari.

"Umemaliza shule?" akauliza.

"Bado, mzee."

"Basi pumzika kidogo, mwanangu. Hata sauti yako imechoka."