Utomvu wa Mgomba

Kila nikimenya ndizi mbichi, utomvu ukinigandia vidoleni, namkumbuka dada yangu.

Ilikuwa siku ya kuamkia Iddi, kijijini kwetu Matombo. Nilichonga ua kwenye kisigino cha kandambili iliyokatika, nikalichovya kwenye utomvu wa mgomba na kuligonga kama muhuri kwenye kadi ya Iddi ya kumpa mama. Dada alikaa kibarazani akila machungwa.

Asubuhi akaniwahi. “Mama, kadi yako hii. Nimeitengeneza mwenyewe.”

Mama akatazama vidole vya dada, visafi kabisa. Akatazama vyangu, vimejaa madoa meusi ambayo hata sabuni haiyatoi. Nikasubiri aseme.

Akamkumbatia dada.

“Na wewe,” akaniambia, “kanawe mikono. Leo sikukuu.”