Kidole cha Mwanapili na Wali wa Harusi

Huko Tiwi, harusi isiyo na Mwanapili jikoni watu huiita matanga yenye muziki. Sufuria kubwa ni yake, kauli ya chumvi ni yake, na tangu Kache aolewe na kaka yake, kazi ya Kache imekuwa kungoja wifi yake ateleze.

Basi, siku mbili kabla ya harusi ya Hafsa, binti ya Kache, Mwanapili alikalia mbuzi akikuna nazi, shingo kaigeuza amsengenye bwana harusi vizuri. Meno ya mbuzi yakampitia kidole gumba. Akafumba ngumi, akaingia ndani kama aendaye haja, akashindilia unga wa kahawa kwenye kidonda. Sasa akifiche vipi? Akaenda kwa mpakaji hina, akataka apakwe piko, ile hina nyeusi ya kemikali, kidole kizima.

Asubuhi kidole kimevimba, kinapwita.

"Wifi," Kache akamwambia mbele ya wanawake wote, "hicho kidole kina mimba ya nani?"

"Ni piko imekolea."

"Imekolea mpaka inanuka?"

Homa ndiyo iliyompeleka zahanati. Muuguzi, Eunice, msichana wa bara, akauliza, "Shosho, umeweka nini hapa?"

"Kwanza mimi si shosho, sijawa bibi kizee. Pili, kahawa."

"Na hii nyeusi?"

"Urembo."

"Ulikuwa unatibu kidonda ama unakiandalia karamu?"

Akakiosha kwa sabuni na maji safi ya kutiririka mpaka chembe ya mwisho ikatoka, huku Mwanapili akiwaita marehemu wote wa ukoo. Akadungwa sindano ya pepopunda, akapewa vidonge, akafungwa bendeji.

"Usikiloweshe, usikipake kitu. Na jikoni usiguse."

"Si ungekikata tu, mwanangu!"

Siku ya harusi alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkono juu kama mwanafunzi anayeomba kwenda choo. Mwiko anao Kache.

"Punguza moto!"

"Wifi, kidole kimefungwa. Mdomo je, muuguzi aliusahau?"

Wali ukatoka umechambuka. Mwanapili akaonja, akatafuta kasoro kila pembe ya ulimi. Kache kasimama, mwiko mkononi.

"Chumvi," Mwanapili akasema.

"Imezidi?"

"Imetosha," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Pakua, watu wana njaa. Na mimi unilishe."