Juisi na Mswaki wa Khadidja

Wifi yangu Khadidja amechoka, na mimi nimechoka kumtazama akichoka. Tunakaa ua mmoja hapa Bwiza, Bujumbura, tangu kaka yangu amuoe. Kaka alifariki, Khadidja akabaki na masufuria yake. Harusi ikifanyika Bwiza au Jabe bila juisi yake ya marakuja, yaani pasheni, wageni watakunywa, lakini watasema.

Hapimi kwa kikombe wala kwa kijiko. Anakamua matunda, anatia ndimu na tangawizi, halafu kabla sukari haijaingia anajaza mdomo, anafumba macho, anaizungusha ile juisi kali kwenye meno ya mbele. Akishaimeza ndipo anajua sukari iwe kiasi gani. Msimu wa harusi hufanya hivyo kutwa.

Na ni msafi mpaka anaudhi. Hawezi kusimama kwenye mswala akiwa na uchachu wa marakuja mdomoni. Kwa hiyo akionja tu, anashika mswaki mgumu, anasugua meno kama anatoa masizi kwenye sufuria, anatia udhu, anasali. Ndivyo alivyomfunza hata Houda, mke wa mwanawe, tangu alipoingia ua huu.

Meno yakaanza kuwa ya manjano. Khadidja akasema ni uchafu, akazidi kusugua. Manjano ikazidi. Akaongeza unga wa mkaa. Nilimwambia aache, lakini mimi nani hunisikiliza? Mwishowe ncha za meno ya mbele zikawa nyembamba hata mwanga unapenya, na maji baridi yakawa yanamtoa machozi. Siku moja alijaza mdomo juisi ya harusi ya Jabe, akaitema, akakaa chini ameshika taya. Sukari akaitia kwa kukisia. Wageni walikunywa, na walisema.

Hapo ndipo alipokubali nimpeleke kwa daktari wa meno, binti mpole anayeitwa Orlane. Orlane alimkagua, akamuuliza anakunywa nini na anapiga mswaki wakati gani. Khadidja akajieleza kwa fahari zote.

"Mama, hii haiko uchafu," Orlane alisema. "Ganda ya juu ndiyo imeisha. Hii manjano ni jino ya ndani inaonekana."

"Imeisha namna gani? Mi nasafisha kupita watu wote wa Bwiza!"

"Ni hapo sasa. Asidi ya marakuja inalainisha ganda. Ukipiga brosi pale pale, unaikwangua ikiwa laini. Ungengojea kidogo, mate ingeisaidia ikaze tena."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kutazama dirisha.

Orlane akampaka floridi juu ya meno, kitu kinachonata. Akamwagiza atafute mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Akinywa kitu kikali asukutue kwa maji matupu na angoje saa nzima. Na akimaliza kupiga mswaki, ateme tu, asisukutue, ili floridi ikae kwenye meno na kuyakaza yasiliwe upesi na asidi.

"Nisisukutue? Na udhu je?"

Orlane, Mkristo wa watu, akanigeukia mimi.

"Wifi, si upige brosi kisha kusali Isha," nikamwambia. "Utalala nayo mpaka Alfajiri."

Khadidja akafikiri. "Na ile imekwisha, itarudi?"

"Apana, mama. Floridi inalinda ile imebaki. Na kujaza mudomo juisi, uache."

Neno hilo la mwisho ndilo lililommaliza. Tulipofika mlangoni alisimama. "Mutu wa juisi asiyeonja," aliniuliza, "ni mutu gani?" Nilivua viatu, miguu ilikuwa inaniuma.

Harusi nyingine ilipokuja, alikaa kwenye kigoda, akamwita Houda aonje badala yake. Houda akajaza mdomo, akafumba macho, akazungusha vilevile alivyofunzwa.

"Sukari bado, mama. Na ndimu imezidi kidogo."

Wakarekebisha, nikaonja mimi. Ilikuwa juisi ya Khadidja yenyewe. Alifurahi, na ilimuuma. Niliyaona yote mawili usoni mwake.

Adhana ya Adhuhuri ikaanza. Houda akaenda kwenye ndoo, akachukua mswaki. Khadidja, ambaye siku hizi kuinuka kwake ni kazi, aliruka akamnyang'anya.

"Sukutua na maji tu."

"Mama, nisali na mudomo hivi? We mwenyewe ulinifunza."

"Nilikufunza. Fungua mudomo."

Akamgeuzia uso kwenye jua, akayatazama meno yake ya mbele kwa muda mrefu. Nami nikasogea. Kwenye ncha, mwanga ulikuwa umeanza kupenya.

Jioni ile baada ya Isha niliwaona uani wakitema povu pamoja. Hakuna aliyegusa maji.

Asubuhi, mbele ya sufuria, Khadidja alimpa mkwewe kijiko cha chai. "Tone moja, huku nyuma ya ulimi, isiguse meno. Tujifunze upya, mi na we."

"Tukikosea sukari, watu watasema, mama."

Khadidja alijishika taya, akakaa taratibu kwenye kigoda chake.

"Waseme," alisema.