Pindo la Kitambaa cha Friji

"Shoga, hivi yule mzee wenu mlishamsafirisha?"

Aliyeuliza ni muuza mkaa wa jirani, tena kwa nia njema kabisa, huku akijaza mkaa kwenye kopo, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Kumsafirisha wapi tena?" Mama Vitambaa alishtuka.

"Sijui nami. Dirisha lake silioni likiwaka siku hizi. Zamani nikifunga biashara jioni, ile taa yake ndiyo ilikuwa inanionyesha pa kukanyaga. Nikasema labda kaenda kwa ndugu zake, au labda..." Akaishia hapo. Muungwana neno kama hilo halimalizi.

"Yupo. Siku hizi analala mapema."

"Haya, nisalimie. Mwambie nimemkumbuka na utani wake."

Mama Vitambaa alibeba mkaa wake akaenda zake, hata kuaga vizuri hakuaga. Njiani maneno yake mwenyewe yalimfuata kama kuku aliyezoea kulishwa. Analala mapema. Si uongo, maana mzee kweli alikuwa analala mapema. Lakini kuna ukweli unaosemwa ili kufunika ukweli mwingine, na huo Mungu hadanganyiki nao.

Jina la Mama Vitambaa alipewa na mtaa kwa ajili ya kazi ya mikono yake. Alikuwa akifuma vitambaa vya uzi kwa kulabu: vya meza, vya migongo ya makochi, vya kufunika ndoo za maji. Bibi harusi wa mtaa ule haendi kwa mumewe bila kitambaa cha Mama Vitambaa. Kwake mwenyewe, kila kitu kilikuwa kimevaa. Redio imevaa, birika limevaa, hata meza ya miguu mitatu iliyoegemezwa ukutani ilikuwa imevaa, kitambaa kikaificha aibu yake. Mumewe, fundi bomba, alikuwa akisema, "Mimi naogopa kukaa muda mrefu sehemu moja humu ndani, nitafumiwa."

Mzee aliyeuliziwa ni baba wa huyo fundi bomba. Maisha yake yote alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la nafaka. Alipostaafu na mkewe akawa ameshatangulia mbele ya haki, mwanawe akamleta nyumbani, akampa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama njia. Alikuwa mtu wa maneno machache na utani mwingi. Ukimwuliza hali, anajibu, "Mlinzi hafi, mwanangu, hubadilishiwa zamu tu." Alikuwa na tabia moja: giza hakuliweza. Miaka yote ile alikaa chini ya taa ya ghala, na mlinzi akizimikiwa taa ujue kuna mwizi. Kwa hiyo alilala na taa ikiwaka. Akiamka, anavaa miwani yake iliyofungwa uzi, anasoma magazeti ya zamani, anakohoa kidogo, analala tena. Hakumsumbua mtu.

Basi siku moja bili ya umeme ikaja. Karatasi ilisukumwa chini ya mlango kama kawaida, na Mama Vitambaa akaiokota akidhani ni ileile ya kila mwezi. Alipoiona akakaa chini. Ilikuwa imepita mara mbili ya ile ya nyuma. Fundi bomba alienda kuuliza ofisini, akaambiwa mita ni nzima, wamepima, wamehakikisha. "Angalieni matumizi yenu nyumbani," wakamwambia. Karani hakumkaripia. Afadhali angemkaripia, angepata wa kumlaumu.

Mtu akiibiwa kuku, wa kwanza kutazamwa ni mgeni. Mama Vitambaa aliangaza macho nyumba nzima. Pasi anaitumia mara moja kwa wiki. Redio ni ya betri. Televisheni ina miezi imeharibika, imevaa kitambaa tu. Macho yakaenda yakatua kwenye ule mlango wa nyuma, unaovuja mwanga chini yake.

"Ni ile taa ya baba," alimwambia mumewe. "Inawaka usiku kucha kama ya hospitali."

"Taa moja, mke wangu? Taa moja imeze hela yote hii?"

"Haba na haba, baba watoto. Wewe mwenyewe fundi bomba. Bomba likidondosha tone tone, asubuhi si unakuta ndoo imejaa?"

Mumewe akaikunja ile bili akaitia mfukoni. Kusema ule ukweli, alipata nafuu pia, maana ameshapatikana wa kubeba mzigo.

Wakati wa chakula cha mchana mzee aliambiwa awe anazima taa usiku. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema kwa upole, "Sawa, mwanangu. Lakini hilo friji nalo mliangalie. Zamani lilikuwa linanguruma, linanyamaza, linanguruma, linanyamaza. Siku hizi halinyamazi. Mimi nakaa macho, nalisikia."

Mama Vitambaa alikuwa amechoka, na ile bili ilikuwa bado inamwuma. "Baba," akasema, "friji ni tumbo la nyumba. Taa ni starehe tu."

Neno lilitoka. Neno likishatoka ni kama maji yaliyomwagika mchangani, huwezi kuyazoa. Mzee akatazama sahani yake, akasema, "Kweli," akaendelea kula.

Mkwe wake bado hakuridhika. Mzee alipokwenda kuoga, Mama Vitambaa aliburuta stuli chumbani kwake, akapanda, akaifungua balbu na kuiweka kabatini, kwenye kikombe kisicho na mkono. Alijiambia ni kumsaidia asisahau. Jioni ile mzee alibonyeza swichi, akabonyeza tena, halafu akaelewa. Hakuuliza. Kesho yake alitania tu, "Siku hizi nalala na kuku, naamka na jogoo. Bado kutaga."

Wote wakacheka, naye akacheka. Hakuna aliyeuliza kwa nini magazeti yameondoka mezani yakawekwa chini ya godoro.

Siku chache baadaye umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi. Mchana Mama Vitambaa akaona maji yanatiririka kutoka kwenye friji hadi katikati ya sebule. Akachukua dekio. Lile friji, kama vyombo vyake vyote, lilikuwa limevaa, tena limevaa kuliko vyote. Kabla ya ile bili kuja alikuwa amelifumia kitambaa kipya cheupe chenye maua, na pindo refu alilolishusha hadi mlangoni, limchezee mgeni macho akiingia tu. Wanawake wa jumuiya yao ya sala walipokuja, walikisifu kuliko mahubiri.

Alipotaka kukivua kisilowe, kikagoma. Akavuta. Kikagoma. Akafungua mlango wa friji. Pindo lilikuwa limebanwa ndani ya mlango, limeganda kwenye barafu nene inayoanza kuyeyuka. Akapitisha kidole kwenye mpira wa mlango, akaona alama ya uzi imejichora pale, shimo baada ya shimo, ua baada ya ua. Kila alipofunga mlango, pindo liliingia katikati. Mlango ulionekana umefungwa kumbe haujafungwa, na friji likawa linahangaika mchana na usiku kupoza sebule nzima.

Halinyamazi, mzee alisema.

Alichukua mkasi akalikata lile pindo palepale, akitazama mlangoni kama mtu anayeiba. Akalisokota, akalitumbukiza chini kabisa ya mfuko wake wa nyuzi. Umeme uliporudi, friji likanguruma kidogo, kisha likanyamaza. Akasimama akisikiliza ule ukimya, na haukumpa raha hata chembe.

Angeweza kusema siku ileile. Angeweza pia kuirudisha balbu bila kusema kitu. Lakini kuirudisha balbu kulitaka maelezo, na maelezo yalitaka kulitoa lile pindo mfukoni. Akajiambia, nitasema bili ikija. Labda haitashuka, labda ni taa kweli. Moyo wa mtu ni hodari wa kujitafutia wakili.

Bili ikaja, imeshuka hadi pale pa zamani. Fundi bomba aliisoma kwa sauti, akaipiga busu ile karatasi. "Jamani! Taa moja tu! Mke wangu, wewe ungekuwa waziri wa nishati!"

Mama Vitambaa alitabasamu. Tabasamu lile baadaye lilimwuma kuliko neno la friji na tumbo.

Maana mzee naye alikuwepo, ameketi kwenye kochi lenye kitambaa cha njano. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Kumbe mimi ndiye mchwa wa nyumba hii," akasema. "Mwanangu, nisamehe. Sikujua kama nawala hivyo." Hakuwa anamwambia mwanawe. Alikuwa anamwambia mkwe wake, na alisema kwa heshima, kama mtu anayemwomba radhi mwajiri.

"Hapana, baba, usiseme hivyo," alijibu yeye, akakimbilia jikoni kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni.

Tangu siku ile sala ilimshinda. Kila akifika kwenye maneno ya kuomba msamaha, ulimi unaganda kama lile pindo. Aliona haya kumwomba Mungu kile ambacho mzee wa watu alimwomba yeye bila kosa, naye akakipokea.

Ndipo muuza mkaa akauliza swali lake.

Mama Vitambaa alifika nyumbani na mkaa wake, akaweka chini, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Jua lilikuwa linazama na chumbani kulikuwa na kiza chembamba. Akamkuta mzee ameketi kitandani, mfuko wake wa safari miguuni umeshafungwa kamba. Suruali alikuwa ameipandisha, anajipaka mafuta kwenye muundi. Pale palikuwa na vidonda viwili, kimoja kibichi na kingine kinachokauka.

"Baba, umefanya nini mguu?"

"Si chochote. Mimi na huu ukingo wa kitanda tuna ugomvi wetu. Kila nikiamka usiku unanitega." Akashusha suruali upesi. "Afadhali umekuja. Nilitaka kukuaga wewe kwanza. Nakwenda kwa dada yangu, Jumamosi mtoto wake atanichukua."

"Kwa nini, baba?"

"Kule wanawasha kibatari. Kibatari hakina mita, wala hakuna wa kuleta karatasi." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Nyie bado vijana, mna mambo yenu. Mtu mzima akishakuwa hesabu kwenye nyumba ya watu, aondoke mwenyewe kabla hajaambiwa."

Mama Vitambaa alitoka, akaenda kwenye mfuko wake wa nyuzi, akaingiza mkono hadi chini. Kisha akaenda kabatini, akachukua kile kikombe kisicho na mkono. Mumewe alikuwa ndiyo kwanza anaingia, begi la spana begani, akashangaa kumwona mkewe anapita na stuli kichwani.

"Unahamisha nini tena?"

"Njoo usikie," alisema. "Nataka kusema mara moja, sitaweza mara mbili."

Akaliweka lile pindo kwenye mapaja ya mzee. Lilikuwa limekauka, limekakamaa, na nusu yake ina rangi ya kutu. Akaeleza yote akiwa amesimama kama mtoto mbele ya mwalimu: pindo, mlango, barafu, mkasi, balbu, hadi vile vidonda vya mguuni. Akasema kwamba alijua kabla bili haijashuka. Akasema alimwacha mzee aombe msamaha, na yeye akakimbilia jikoni.

Fundi bomba alikaa juu ya begi lake la spana. "Na mimi nimemsifia mke wangu mpaka kwa mafundi wenzangu," akasema polepole. Naye alikuwa anamtazama babaye mguuni.

Mzee alilipitisha lile pindo kwenye vidole, ua kwa ua, kama mtu anayehesabu. "Kazi nzuri," akasema mwishowe. "Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Sasa cha kwetu kilikuwa nguoni mwa friji."

Hakuna aliyecheka. Hata yeye mwenyewe hakucheka.

"Mwanangu," akaendelea, "umesema, na kusema si kazi ndogo. Nimekusamehe, hilo lisikusumbue. Lakini dada yangu nimeshampa neno, ananingoja. Na mimi sitaki kukaa mahali kwa sababu nimeonewa huruma."

"Si huruma, baba."

"Ni nini?"

Mama Vitambaa akapanda stuli. Kiza kilikuwa kimeshaingia, akawa anapapasa holda ya balbu kwa vidole, akaikosa, akaigonga dari, akajua sasa namna mzee alivyokuwa akiishi humu. Akaikaza balbu mpaka mwisho. Akashuka taratibu. Swichi ilikuwa pale karibu na bega lake, lakini mkono wake haukuigusa. Alisogea pembeni akamwachia mzee njia.

"Baba," akasema, "naomba uiwashe wewe."