Jina la Safari la Babu Luhende

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja pale Tabora, enzi za Mwingereza, nilipomwambia shangazi yangu Kalunde afunge mizigo ahame. Mpaka leo, na uzee wangu huu, naona haya.

Boma lilikuwa limetangaza kwamba viwanja vya zamani vitagawiwa upya, isipokuwa vile ambavyo mwenyewe ameandikwa katika daftari la Mjerumani. Nyumba ya shangazi ilijengwa na babu yangu Luhende, mpagazi wa misafara ya pwani. Mimi ndiye niliyesoma, tena nimerithi jina lake, hata shangazi akiniita "Baba". Akanituma. Nikavaa shati jeupe, nikalipekua daftari ukurasa kwa ukurasa, mara mbili. Luhende hayumo.

Ningerudi nikauliza. Lakini kijana aliyesoma ana maradhi yake, nawe unayajua. Nikamtangazia: "Shangazi, babu hakuwa na kiwanja. Alikuwa mpangaji tu."

Alichukua jembe akaanza kung'oa mihogo yake michanga, asimwachie mgeni. Iliniuma sana kumtazama. Akiwa ameinama vile vile akaniuliza, "Umetafuta jina gani, Baba?"

"La babu. Luhende."

Akajinyoosha, akacheka mpaka akaketi juu ya tuta. "Luhende alibaki kwa mama yake, kijijini Ipole. Mpagazi akitwishwa mzigo huchukua jina la safari. Baba yangu alipenda kusema mwenda pole hajikwai, basi mji huu wote ukamwita Mwendapole. Umesoma, Baba, ila hujauliza."

Nilirudi bomani mbio. Mwendapole alikuwapo, pamoja na kiwanja chake, na msalaba alioutia mahali pa sahihi. Nikaugusa kwa kidole, machozi yakanitoka mbele ya karani.

Shangazi hakuhama. Ile mihogo michanga tuliila wiki nzima, na kila jioni alinisogezea sahani: "Kula, Baba, umeivuna mwenyewe."

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga, na penye wazee haliharibiki neno. Ukienda kumtafuta mtu wako katika makaratasi, anza kwa waliokula naye. Na usimtoe mtu nyumbani kwake kwa sababu wewe hukuona.

Mungu akupe maisha marefu, akuzidishie elimu, wala asikunyime shangazi wa kukucheka.